Chuma Kipya Juu ya Gari Kuukuu

Habari ya magari ya deraya niliisikia nikiwa nimemkalia nguruwe. Kaka yangu mkubwa alikuwa ameshika miguu ya nyuma, mimi nilikuwa mgongoni na kisu mkononi, na redio tulikuwa tumeitundika kwenye tawi la mparachichi ituchangamshe. Mtangazaji akasema jeshi limeanza kuyafanya ya kisasa magari yake ya chuma yanayobeba askari. Yatavalishwa bamba jipya, yatafungwa kamera na injini zenye nguvu zaidi, na askari watakaokaa ndani watakuwa salama kuliko wakati wowote. Neno "salama" lilinikuta kisu kinaingia. Nilikisukuma kwa hasira, nguruwe akajirusha, nikaanguka naye kwenye matope, damu ikanirukia machoni.

"Umemchoma bega," kaka akasema. "Moyo uko huku. Umesahau hata kuua?"

Sikuwa nimesahau. Nilikuwa nimekasirika, na mimi nikikasirika mkono unatangulia macho. Tulimfukuza yule mnyama katikati ya mibuni, damu ikichirizika kwenye majani, mke wangu akipiga kelele kwamba tunamvunjia matawi ya kahawa, mpaka kaka akampata kona ya banda na kumpiga shoka la kichwa. Akaanguka akitikisa miguu. Nguruwe huyo alikuwa wa kumpokea binti yetu, aliyekuwa anakuja likizo kutoka kambini. Na binti yetu ni dereva wa magari hayo hayo yaliyotangazwa.

Niseme mapema mimi ni nani, usije ukadhani ni mzee mkorofi tu anayechukia vitu vipya. Ukorofi ninao. Nalima kahawa na mahindi upande wa Kitura, kwenye miteremko ambayo mgeni akisimama lazima ashike mti. Kabla ya kahawa nilikuwa askari, na kazi yangu jeshini ilikuwa mpiga bunduki wa gari la deraya, yule anayekaa juu kwenye tundu la paa, kichwa nje na miguu ndani. Sikio langu la kushoto halisikii. Mikono yangu kuanzia viwiko hadi vidole ina ngozi laini inayong'aa, isiyoota hata unywele mmoja, na kwenye baridi ya Julai inapasuka, nalala nimeipaka samli.

Tulikuwa tumepelekwa kulinda amani katika nchi ya watu, nchi ya milima kama kwetu. Gari tulilopewa halikuwa letu. Lilikuwa la jeshi la nchi nyingine lililochangia vifaa, gari la zamani lililokuwa limetoka kufanyiwa maboresho. Wataalamu wao walitukusanya wakatuonyesha: chuma kipya ubavuni, chuma kipya mlangoni, kamera juu, na ndani kioo kama televisheni ili mkuu wa gari aone nje bila kutoa kichwa. Dereva wetu akauliza injini. Ile ile, wakasema, bado nzima. Akauliza breki. Zile zile. Huyo dereva alikuwa mtoto wa huku kwetu, kijiji cha ng'ambo ya bonde, tuliyekua tukitukanana kanisani. Akaniambia pembeni kwa Kimatengo kwamba hawa wamemvika bibi kizee makoti matatu, sasa wanamwambia apande mlima. Tulicheka sana, na kwa kuwa hatukuwa na gari lingine, tulipanda.

Siku yenyewe ilikuwa mchana, jua kali baada ya mvua. Tulikuwa tunashuka barabara ya udongo iliyochongwa ubavuni mwa mlima, bonde likiwa kulia kwetu. Breki zilikuwa zinanuka. Ng'ambo ya bonde tukaona mteremko wenye mashimo, yamepangwa safu kwa safu, majani yamelazwa kwenye kingo zake. Dereva akaanza kucheka kwenye vipokea sauti.

"Ngoro hizo, jamani. Hawa watu wanalima kama kwetu."

Mtu aliyelelewa Umatengo hawezi kuona mashimo ya namna ile moyo wake usilainike. Ngoro ndiyo shamba letu. Wanaume wanafyeka majani na kuyalaza kwa mistari inayokatizana, wanawake wanachimba katikati ya mistari na kuyafukia kwa udongo, na mlima mzima unabaki na vishimo vinavyonasa maji ya mvua. Mama yangu alichimba ngoro na mimi nikiwa mgongoni mwake. Miezi mingi nilikuwa sijaona kitu chochote cha nyumbani, na pale nikawa naona nyumbani kwenyewe. Mkuu wa gari, aliyetoka mikoa ya tambarare, aliyaona mashimo yale kwenye kioo chake akauliza ni nini. Mimi na dereva tulijibu kwa pamoja kwamba ni mashamba, mkuu.

Kamera ile ilikuwa nzuri, siisingizii. Ilimwonyesha mkuu kila shimo na rangi yake. Lakini haikumwambia kwamba majani yamekatwa asubuhi ile, wala kwamba ndani ya kila shimo amelala mtu na silaha. Hilo lilitakiwa kujulikana na sisi, na sisi tulikuwa tumeshafurahi. Dereva akapunguza mwendo ili tuangalie vizuri.

Ndipo wakatupiga. Kombora la kwanza liligonga ubavu, na chuma kipya kikafanya kazi yake, hilo nalikubali mbele ya yeyote. Halikupenya. Lakini dereva alishtuka akakata usukani, gurudumu likakanyaga ukingo, na ukingo uliolowa mvua haukuweza kubeba uzito wa makoti yale matatu. Nilisikia udongo ukiachia chini yetu. Gari likaporomoka, likajiviringisha, likalala kwa ubavu kwenye ngazi ya chini ya mlima. Mimi nilitemwa kupitia tundu la paa nikaangukia mawe. Kombora la pili lilipiga upande wa injini, sikio langu likafa palepale, na moto ukaanza.

Mlango wa nyuma wa gari lile ulikuwa wa bawaba, unafunguka pembeni kama mlango wa nyumba. Gari likiwa limesimama, mtoto mdogo anaufungua. Gari likilala, mlango huo unakuwa kifuniko cha sanduku, haufunguki mpaka uuinue kutoka chini, na kifuniko hicho wataalamu walikuwa wamekiongezea bamba. Ndani walikuwemo dereva, mkuu wa gari na wenzetu waliokaa nyuma, wote wamekimbilia mlango huo, maana tundu la paa nililotokea lilikuwa limezibwa na udongo wa mlima. Walikuwa wanausukuma. Nilihisi kwa mikono kwamba wanausukuma, maana kusikia sikuwa nasikia kitu.

Niliukamata kwa mikono mitupu. Chuma kilikuwa kimeshaiva. Ngozi ikabaki pale, nikavuta tena kwa nyama. Ulifunguka upana wa kiganja, moshi ukatoka kama unasukumwa, na kwenye ule upana vikatokea vidole vya dereva. Nilivijua kwa kidole cha shahada kilichopinda, alichokivunja utotoni. Nikavishika. Risasi zilikuwa zinagonga bamba jipya na kuruka pembeni bila kuacha hata alama, bamba zuri kabisa. Nilikuwa nalia na kutukana, nikimtukana yeye, mama yake, waliounda gari, waliolivalisha. Vidole vilinibana kwa nguvu mpaka mifupa ikalia, vikaendelea kubana, kisha vikalegea. Hata baada ya hapo sikuviachia. Wenzetu wa gari la nyuma walinitoa kwa kunipiga na kitako cha bunduki.

Nikiwa hospitali nilisikia wale wataalamu wameridhika kwamba bamba limefaulu, kwa sababu kombora halikupenya. Walikuwa wamesema kweli. Wenzangu hawakuuawa na kombora.

Sasa unaelewa kwa nini nguruwe aliteseka siku ile.

Binti yetu alifika jioni yake. Ana urefu wangu na kiburi cha mama yake, ambaye ni Mnyasa wa Mbaha, na watu wa ziwani wakishaamua jambo hata mawimbi hayawarudishi. Jeshini nilimkataza asiende, akaenda. Udereva wa deraya nilimkataza, akawa wa kwanza darasani. Alinipa shikamoo, nikaitika marahaba, akakaa kwenye kigoda akiwa bado na viatu vya kazini, akasema bila kuzunguka, "Baba, nimechaguliwa. Magari ya kwanza yakishakamilika yanakwenda nje kulinda amani, na moja naendesha mimi."

Mke wangu aliacha kukoroga ugali. Mimi nilitoka nikaenda kupasua kuni ambazo hazikuhitajika.

Kwetu Umatengo jambo la kuutikisa ukoo haliamuliwi na mtu na mkewe chumbani. Linapelekwa sengu. Kila nyumba inakuja na chakula chake, watu wanakaa uani kwa mkubwa wa ukoo, wanakula sahani moja na kusema, na hakuna anayeruhusiwa kula kwake siku hiyo. Zamani walikaa wanaume peke yao, siku hizi wanakaa wote. Sengu yetu iko kwa kaka mkubwa, na kwa sababu nguruwe alishachinjwa, hakuna aliyekosa. Akaja pia shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, aliyekuwa likizo Mbamba Bay. Huyu ni ofisa na mhandisi, na yumo katika hao hao wanaoyafanyia kazi magari. Alipandisha mlima na gari lake, akaleta samaki wa kuchoma, mbasa wa ziwani, kwa dada yake, akanipa shikamoo ya heshima kabisa. Sina cha kumlaumu kwa adabu zake.

Nilikuwa nimeapa kwa mke wangu kwamba nitasema kwa utulivu. Tulianza vizuri. Kaka, ambaye akiwa na njaa hana subira na mtu, alisema jambo liletwe haraka kabla nyama haijapoa. Binti akasimama akasema lake. Kisha shemeji akatoa simu, akawapitishia watu picha za gari lililokamilika. Lilikuwa limepakwa rangi mpya na linapendeza, shangazi mmoja akauliza kama linaruhusiwa kubeba harusi. Watu wakacheka. Shemeji akaeleza habari za bamba, injini, kamera zinazoona gizani, viti vinavyoning'inia ili bomu likilipuka chini uti wa mgongo usivunjike. Alieleza vizuri, kwa maneno ya kueleweka, na nikaona nyuso za ndugu zangu zinalegea. Walitaka sana kumwamini. Hata mimi nilitaka.

"Shemeji," nikamwambia, "bodi lenyewe ni jipya?"

"Bodi ni lile lile. Ni imara sana, shemeji, siku hizi hawatengenezi mabodi kama yale."

"Na mlango wa nyuma?"

"Umeongezewa kinga, lakini una mtambo wa kuusukuma. Unabonyeza tu."

"Gari likilala kwa ubavu na injini imezimika?"

"Kuna betri ya akiba."

"Betri ikiungua?"

"Kuna mpini wa kufungua kwa mkono."

"Umewahi kulilaza lile gari kwa ubavu, ukaingia ndani, ukaufungua kwa mpini?"

"Hatujafika hatua hiyo."

"Nani amewahi?"

"Shemeji, gari halijaribiwi kwa kulipindua. Lina uzito, litaharibika."

Hapo nilicheka, na kicheko changu hakikuwa kizuri. Nikawaambia ndugu zangu wamesikia wenyewe, gari linaogopewa kuharibika na mtoto wangu haogopewi. Nikavua shati. Mikono wote waliijua, lakini niliinyanyua juu ya sahani ya nyama niwaonyeshe tena, nikasema huu ndio mpini wa kufungua kwa mkono. Shangazi aliyeuliza habari za harusi akafunika uso. Nikasema maneno mengi ya hovyo, kwamba mtu anayefunga chuma kipya juu ya gari kuukuu ni sawa na mpumbavu anayeezeka bati jipya juu ya nyumba iliyoliwa na mchwa, kwamba wao wako ofisini na matako yao hayajawahi kukaa mahali panapowaka. Mke wangu aliniita kwa sauti ya chini. Sikumsikia, au nilimsikia kwa lile sikio bovu.

Shemeji alivumilia mpaka nikamtaja mama yake. Ndipo akasema, taratibu, akinitazama machoni:

"Kilichowaua si mlango. Mliwaua wenyewe. Mliona mahandaki mkasema mashamba. Kamera iliwaonyesha, ninyi mkaona ngoro za nyumbani."

Alikuwa amesema kweli, na ndiyo maana nilimpiga.

Nilimpiga ngumi ya mdomo, akaenda chali juu ya chungu cha maharage, maharage ya moto yakamwagika mgongoni mwake akapiga ukelele. Akanyanyuka haraka kuliko nilivyotarajia. Yeye ni kijana kwangu na jeshi halijamtoka, akanipiga kichwa cha pua, nikasikia mfupa ukivunjika ndani ya fuvu langu. Nikamkaba koo. Tulibingirika kwenye ugali na majivu, sahani zikipasuka chini yetu, watoto wakikimbia, kaka akitupiga wote wawili mgongoni kwa mpini wa jembe bila kuchagua. Damu ya pua ilikuwa inanijaa mdomoni. Vidole vyangu vilikuwa vimemwingia shingoni na nilikuwa nasikia raha, nasema ukweli, nilisikia raha ambayo sikuwa nimeisikia miaka mingi. Macho yake yalianza kugeuka na sikuachia.

Aliyenitoa ni binti yangu. Alikuja kutoka nyuma, akanishika mkono mmoja, akaukunja juu ya mgongo mpaka bega likatoa mlio, akanisukuma uso kwenye udongo na kuweka goti lake katikati ya mabega yangu. Nilijaribu kunyanyuka. Akalikandamiza goti. Nilijaribu tena.

"Tulia, Baba," akasema. Hakuwa hata anahema. "Nitauvunja."

Nilijua atauvunja. Nikatulia, na nikiwa pale chini, mdomo umejaa mchanga na damu, nilijivunia yule mtoto mpaka machozi yakanitoka.

Kaka alisema sengu imeingia damu na haiwezi kukata neno lolote tena. Kila mtu achukue sufuria yake aende. Nyama iliyobaki wakapewa mbwa, maana hakuna aliyetaka kuila. Shemeji alikaa kwenye gari lake muda mrefu huku dada yake akimmwagia maji mgongoni, kisha akateremka kurudi Mbamba Bay bila kuniaga. Usiku ule mke wangu alinifunga pua kwa kitambaa kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, nami nikamwacha.

Asubuhi binti alinikuta kwenye mteremko nyuma ya nyumba. Nilikuwa nimechukua fyekeo kana kwamba nina kazi, lakini bega lilikuwa halinyanyuki. Alikuwa ameshavaa sare na begi liko mgongoni.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba."

Alikaa kwenye ukingo wa shimo la ngoro la mwaka jana, miguu ndani. Akasema, "Uliyouliza jana ni sahihi. Nitauliza na mimi."

"Utamuuliza nani?"

"Kila atakayenisikiliza."

"Watakwambia kuna betri ya akiba."

"Nitawaambia waizime nijaribu."

"Kataa," nikamwambia. "Usiulize mtu. Sema unaumwa, sema mgongo, sema baba yako ni mwendawazimu na mashahidi ukoo mzima. Kataa tu."

Alichukua bonge la udongo akalivunja kwa vidole. Vidole vyake ni virefu na vyembamba, hajawahi kuumia hata kimoja. "Naweza kukataa," akasema. "Mimi wa kwanza kuchaguliwa, na anayenifuata anajulikana. Nikitoka mimi anaingia yeye. Ni kijana wa Mbaha, kwa kina mama. Mama yake unamfahamu, yule mjane anayeanika dagaa pale karibu na kanisa. Hana mtoto mwingine."

Nilimfahamu. Tukienda ukweni hutuletea dagaa kwenye sahani iliyofunikwa, na hakubali kurudishiwa sahani tupu wala iliyojaa.

"Gari halitabaki bila dereva, Baba. Nikikataa mimi, anapanda mtoto wake. Unataka apande?"

Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kusema habari za magari kuzuiwa yote, habari za haki, habari za askari kukataa kwa pamoja, maneno ambayo nimeyasema vilabuni mara nyingi na watu wakanipigia makofi. Hakuna hata moja lililonijia. Nilimwona yule kijana ninavyomkumbuka, mrefu, mwenye aibu, anayepokea kwa mikono miwili. Nilimwona vizuri kabisa.

"Ndiyo," nikamwambia. "Apande yeye."

Binti yangu hakukasirika. Akanyanyuka, akajipangusa udongo kwenye suruali, akaniinamia kichwa na kunipa shikamoo nyingine kana kwamba ndiyo tunakutana, au kana kwamba mimi ni mzee wa watu aliyemkuta njiani. Niliitika. Akapanda mlima kwenda barabarani kusubiri basi la Songea, na mimi nikafyeka majani kwa mkono mmoja mpaka jua likawa utosini.

Aliondoka na gari lile. Kama aliuliza habari za mlango sijui, kwa sababu akipiga simu huzungumza na mama yake, nami hupewa salamu. Mama yake humuuliza hali ya hewa, chakula, kama wana padri. Mimi hukaa mlangoni nikisikiliza kwa sikio zima. Kila redio inapotaja milima ya huko nasimama, na nikiwa na kisu au panga mkononi mke wangu huja kunipokonya kwanza. Shemeji naye tumeshapatanishwa, kwa maneno ya midomo. Koo lake lina kovu la kucha zangu, na akija kututembelea hufunga kola hata kwenye joto.

Juzi niliteremka Mbamba Bay kununua samaki. Nilikuwa nainamia beseni la mbelele nikasikia naitwa baba kwa jina la binti yangu, nikageuka, ni yule mama wa Mbaha na ndoo yake ya dagaa. Tukasalimiana. Akaniuliza habari za mtoto huko ng'ambo, nikamwambia mzima. Akaweka ndoo chini akanishika mikono yote miwili, hii mikono ambayo watu wengi hawapendi kuigusa.

"Mwanangu aliniambia nafasi zilikuwa mbili, ya kwanza na ya akiba," akasema. "Akaniambia dada yake huyu, binti yako, angekataa, ingekuwa yeye. Basi mimi nikienda misa simwachi binti yako. Namtaja kabla ya mwanangu. Na wewe nakutaja, baba yake, uliyemruhusu."

Alikataa nimlipe. Alinijazia mfuko dagaa, akaufunga fundo, akanitilia mkononi, nami nikasema asante mama, Mungu akubariki. Nilipofika nyumbani mke wangu akauliza wametoka wapi. Nikamwambia nimenunua.